Msaada: programu ya Clipper ya duka inagoma kwenye Windows mpya

Mtu wa Ngamiani: Wakuu, heshima kwenu. Duka la vipuri la baba mdogo, hapa Tanga, linatunza madeni kwa programu iliyoandikwa kwa Clipper, lugha ya zamani ya kutengenezea programu za hifadhidata. Tumenunua kompyuta yenye Windows ya biti 64, programu haifunguki kabisa. Nifanyeje?

Fundi Chumbageni: Clipper ilitoa programu za biti 16 za DOS, mfumo uliotangulia Windows, na Windows ya biti 64 haiziendeshi. Weka DOSBox, programu inayoigiza kompyuta ya DOS. Ukipata kosa R6003, kugawanya kwa sifuri, punguza cycles, yaani kasi ya DOSBox. Mashine imeizidi kasi programu.

Raskazone: Harbour, kompaila (kigeuza msimbo kuwa programu) inayoelewa msimbo wa Clipper, ni bora, ya bure, ipo tangu 1999. Unaandika `hbmk2 deni.prg` basi. Ongeza SET EPOCH TO 1980, la sivyo mwaka "24" unasomwa 1924. Faili za .prg, yaani msimbo wenyewe, unazo?

Mtu wa Ngamiani: Nadhani DOSBox itatosha.

Raskazone: Nimeuliza .prg.

Mtu wa Ngamiani: Hazipo, aliyeiandika kahama. Ila nina .EXE (programu yenyewe) na .DBF (majedwali ya data), na nimeshaanza kuhamishia Excel, inafungua DBF vizuri tu.

Raskazone: Inafungua. Kuhifadhi kama DBF haiwezi tangu toleo la 2007.

Mkongwe: Vijana, heshimuni Clipper! dBASE III, programu ya hifadhidata ya enzi hizo, ilitafsiri amri mojamoja kila unapoiendesha. Kampuni ya Nantucket wakaleta Clipper, kompaila, mwaka 1985, ukampa mteja .EXE bila kumnunulia dBASE. 1992 Computer Associates wakainunua kampuni nzima.

Mtu wa Ngamiani: Asante mzee, ila deni la wateja je?

Mpinga Chai: Chai hii. DOS dukani, mwaka huu? Fungua DBF kwa kihariri cha heksi, tutajie baiti ya kwanza.

Mtu wa Ngamiani: 83.

Mpinga Chai: Duh, basi si chai. 03 ni jedwali lisilo na memo. 83 lina memo. Maelezo marefu yamo kwenye .DBT, vipande vya baiti 512. DBF imebeba namba ya kipande tu. DBT umenakili?

Mtu wa Ngamiani: Zilikuwa kubwa, nikaziacha. Sioni tatizo, majina na kiasi vipo. Na kompyuta ya zamani nishaiuza, mtu anaifuata jioni.

Raskazone: Mzuie! Nakili folda nzima kwenye flash. Faili za faharasa, NTX, zikiharibika unazijenga upya kwa INDEX ON. DBT ikipotea, imepotea.

Mkongwe: Kauza bei gani?