MJADALA: Ford kukwepa kufilisika 2009, ni uongozi bora au iliwahi tu kukopa?

#1 (mleta mada)
Wakuu, likitajwa anguko la kampuni za magari za Detroit, Marekani, Ford husifiwa kwa kujitegemea, GM (General Motors) na Chrysler, zilizookolewa na serikali, huitwa ombaomba. Sifa hizo zimepitiliza. Mwishoni mwa 2006, benki zikiwa bado zinakopesha bila shida, Ford ilichukua zaidi ya dola bilioni 23 na kuweka rehani viwanda, hataza (haki za uvumbuzi), hata nembo yake ya bluu. Mwaka 2008 soko la mikopo likakauka. GM ilipoishiwa, mkopeshaji aliyebaki alikuwa serikali.

#2
Sikubaliani hata kidogo. GM nayo ilikuwa na nafasi hiyohiyo ya kukopa 2006, tena ikitoka kupata hasara ya zaidi ya bilioni 10 mwaka uliotangulia. Ikafanya nini? Ikauza asilimia 51 ya GMAC, kampuni yake ya kukopesha wanunuzi, iliyokuwa ikiingiza faida. Ford ilimleta Alan Mulally kutoka kampuni ya ndege ya Boeing awe mkurugenzi mkuu, kisha ikauza baadhi ya majina ya magari iliyoyamiliki: Aston Martin 2007, Jaguar na Land Rover kwa Tata ya India 2008, Volvo kwa Geely ya China 2010. GM iliendelea kuzibeba Pontiac, Saturn, Hummer na Saab mpaka ilipofika mahakamani kwa kufilisika. Kila jina lilidai matangazo na mawakala wake, wakati mwingine kwa gari lilelile lililobadilishwa grili na taa. Petroli ilipopita dola 4 kwa galoni katikati ya 2008, pikapu na magari makubwa yaliyokuwa yakibeba faida yote yakajazana kwa mawakala. Hapo tarehe ya mkopo inaingiaje?

#3
Chrysler msiisahau. Daimler ya Ujerumani iliuza asilimia 80.1 ya Chrysler kwa kampuni ya uwekezaji ya Cerberus mwaka 2007, na Chrysler haikuwa na gari dogo la kushindana. Iliomba kinga ya kufilisika Aprili 30, 2009, ikatoka Juni 10 na Fiat ya Italia kama mbia. Kwa hisa zake za mwanzo za asilimia 20 Fiat haikutoa fedha taslimu, ilitoa teknolojia ya magari madogo na injini.

#1
Mkuu #2, kuuza majina kulisaidia, nakubali. Lakini kama Ford ilijitosheleza, kwa nini Mulally alikwenda Bunge la Marekani kuwatetea wapinzani wake wapewe fedha za serikali? Kwa sababu Ford na wapinzani hao walinunua vipuri kwa wasambazaji walewale. Msambazaji anayeikosa GM anafunga, na kiwanda cha Ford kinasimama kwa kukosa kipande kimoja. Visteon, kampuni ya vipuri iliyozaliwa na Ford yenyewe, ilifilisika Mei 2009. Ford iliiomba serikali pia mkopo wa akiba (wa kuchukua ikibanwa tu) wa bilioni 9, ambao haikuutumia, na 2009 ikachukua mkopo wa bilioni 5.9 za Wizara ya Nishati. Tuache kusema haikugusa fedha za umma.

#2
Hoja ya wasambazaji naikubali. Linaloniuma ni haki. GM iliingia mahakamani Juni 1, 2009. Mali nzuri zikahamishiwa kampuni mpya, mbovu zikabaki kwenye ile ya zamani, na Julai 10 ikatoka imetua mzigo wa madeni. Ford iliendelea kulipa riba, na nembo ikaikomboa Mei 2012. Serikali ilitoa takriban bilioni 49.5 kwa GM, ikauza hisa za mwisho Desemba 2013 kwa hasara ya zaidi ya bilioni 10. Ningeunga mkono uokoaji ule kama GM mpya ingebebeshwa sehemu ya hasara hiyo ilipoanza kupata faida.