Nimeambiwa "UTI sugu" mara tatu. Mke wangu ni mjamzito na hana dalili. Nimtibu bila yeye kujua?

Gia_ya_Nane:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi. Nina jambo linaninyima usingizi. Anayejua anijibu bila matusi, maana matusi nimeshajitukana mwenyewe ya kutosha.

Mimi ni dereva wa semi. Njia yangu ni Dar hadi Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, narudi na shaba. Wiki sita zilizopita foleni ilitushika Tunduma, mpakani na Zambia, siku tatu. Sitaki kupamba: nililala na mwanamke niliyezoeana naye pale, usiku mara mbili. Wa kwanza nilitumia kondomu. Wa pili haikuwepo na sikujisumbua kuitafuta.

Siku ya nne nikawa Mafinga, tairi mbili zimepasuka kwa mpigo, nikaenda kukojoa nyuma ya tela. Mkojo uliwaka kama nimetiwa pilipili. Kesho yake asubuhi boksa ina usaha wa njano. Nikaingia duka la dawa, nikajieleza kwa sauti ya chini maana nyuma yangu alisimama mama na mtoto. Muuzaji hakunipima, hakuniuliza chochote. "Hiyo UTI tu kaka, nyie madereva mnabana sana mkojo." Akanipa sipro, vidonge vya antibayotiki, za siku tano. Ikatulia siku mbili tatu, ikarudi. Morogoro nikapewa dozi nyingine, safari hii jina limepanda cheo, "UTI sugu". Dar jirani akanipeleka kwa mzee wa mitishamba, chupa ya lita moja, chungu kama shubiri, elfu ishirini na tano. Naye akasema UTI sugu. Sasa usaha umebaki tone moja la asubuhi, ila korodani ya kushoto inavuta na imevimba kidogo.

Nilipofika nyumbani nililala na mke wangu kama kawaida, nikiamini ni UTI. Ana mimba ya miezi mitano. Hawashwi, hatokwi uchafu, hana homa, anakula vizuri kuliko mimi. Mimba ikiwa na miezi mitatu tulienda kliniki wote wawili tukapimwa, kadi inaonyesha hatuna VVU, hatuna kaswende.

Swali langu: kama hana dalili, inawezekana kweli anao ugonjwa? Na kama anao, nimeshanunua doksi (doksisaiklini, antibayotiki nyingine) dozi mbili, yangu na yake. Anakunywa uji kila asubuhi na huwa namkorogea mimi nikiwepo. Nimewaza nimsagie humo, apone, maisha yaendelee. Kuna madhara?

Mti_Dawa_Asilia:
Hiyo ni UTI ya vyoo vya stendi na vya mipakani, usijitese roho mkuu. Nina dawa ya siku saba inasafisha figo, kibofu na damu yote. Nicheki pembeni.

Tabibu_wa_Zamu:
Mti Dawa, pumzika kwanza. Choo cha stendi kinaweza kukupa kuhara. Mdudu wa kisonono hakai kwenye sinki akimsubiri dereva. Nje ya mwili wa binadamu anakufa upesi. Anapita kwenye kujamiiana, ukeni, mdomoni au nyuma, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa.

Gia, kabla sijasema lolote, hizo doksi zisikaribie sufuria ya uji. Mjamzito wa miezi mitano hapewi doksi. Inaingia kwenye meno na mifupa ya mtoto aliye tumboni. Halafu hata asingekuwa mjamzito, utamtibu vipi mtu usiyejua kama ana mzio wa dawa? Akivimba uso saa nne asubuhi na wewe uko Chalinze, nani atajua alikula nini?

Mimi niko kituo cha afya kilicho kando ya barabara kuu, na hadithi yako naipokea karibu kila wiki, inabadilika jina la mji tu. Siku hizi neno UTI limekuwa gunia, kila kinachotoka au kuwaka chini ya kitovu kinatupwa humo, kwa sababu UTI haivunji ndoa. Lakini mwanaume mwenye umri wako, aliyelala na mtu bila kinga, siku ya nne anatoa usaha, mimi naanza na kisonono. Na kuna klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, inayopenda kupanda basi moja nacho, yenyewe kimya zaidi.

Kwa nini hukupona? Sipro kweli ilikuwa inatibu kisonono zamani. Wadudu wameizoea, kama walivyozoea penisilini na tetrasaiklini kabla yake. Unaimeza, wachache wanakufa, usaha unapungua, unajiona umepona na unaendelea kugawa. Sasa hivi tegemeo ni sindano ya seftriaksoni, na kwa mwanaume tunaongeza doksi siku saba kwa ajili ya klamidia. Ila wewe tayari korodani imevimba, maana yake ugonjwa umepanda juu, kwa hiyo dozi yako inaweza kuwa ndefu zaidi. Hilo lichunguzwe kwa mkono wa mtu. Nenda kesho. Ukiliacha linaweza kuacha kovu kwenye mirija ya mbegu.

Kuhusu mkeo, mwanaume mdudu anakaa kwenye mrija wa mkojo, ukikojoa tu unajua. Mwanamke anakaa kwenye mlango wa kizazi, na pale hapana kelele. Wanawake wengi wenye kisonono au klamidia hawasikii kitu kabisa. Baadaye ndiyo unasikia anaumwa tumbo la chini, anaambiwa ana chango, miaka inapita hashiki mimba, kumbe mirija imeziba. Na hiyo kadi usiitegemee. Kile kipimo cha kidole ni cha VVU na kaswende, kisonono hakimo. Tena mlipima kabla ya Tunduma yako. Arudie vyote. Kwake ipo sindano ileile, na badala ya doksi anapewa azithromaisini gramu 1 kwa mkupuo mmoja. Zote mbili mjamzito anatumia.

Kaswende usiisahau kwa sababu huoni kidonda. Kidonda chake hakiumi, kinatokea siku 10 hadi 90 baadaye, wastani kama wiki tatu, kinakauka chenyewe hata usipotibu, na damu inabaki nayo. Mimba inaweza kuharibika au mtoto akazaliwa mfu. Cha ajabu, huyu ndiye mdudu ambaye penisilini ile ya zamani, sindano ya takoni, bado inammaliza.

Na VVU. Saa 72 za kuanza dawa za kinga ulishazipita, kwa hiyo pima sasa, urudie ikitimia miezi mitatu. Hili silisemi kukutisha. Kule Mwanza, kati ya 1991 na 1994, walichukua maeneo 12. Sita zahanati zao zikapewa mafunzo na dawa za kutibu vizuri magonjwa ya zinaa, sita yakasubiri. Kwenye yale yaliyotibiwa, maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa karibu asilimia 40. Sehemu yenye usaha au kidonda ni mlango uliokwisha funguliwa.

Gia_ya_Nane:
Tabibu asante. Doksi nimezitoa jikoni. Ila nikimpeleka kituoni si ataambiwa mbele yangu kwamba mimi ndiye niliyeleta? Haiwezekani nikamwambia ni vipimo vya kawaida vya mimba?

MamaWawili_Tanga:
Kaka Gia, mimi ndiye huyo mke wako asiye na dalili.

Mimba yangu ya pili sikuumwa hata kichwa. Nilienda kujifungulia kwetu, uchungu ukanikuta usiku, nikazalia nyumbani mikononi mwa mama. Mtoto mzima, kilo zake, analia vizuri. Siku ya tatu kope zimevimba kama amepigwa ngumi. Bibi yake akasema ni jicho la upepo, tukamkamulia maziwa ya ziwa. Jioni nikafungua kope na pamba, usaha ukaruka. Hautoki taratibu, unaruka. Hospitalini walimchoma sindano, wakawa wanamuosha macho mchana na usiku. Jicho la kulia lilipona. La kushoto lina kovu jeupe katikati ya mboni mpaka leo, na yuko darasa la tatu, anakaa benchi la mbele.

Muuguzi aliniambia angezaliwa kituoni angepakwa ile dawa ya macho wanayopaka watoto wote, na mimi ningetibiwa mapema yasingefika huko. Baba yake alikuwa ametibiwa miezi minne nyuma. Peke yake. Alijua, akanyamaza kulinda ndoa.

Ndoa ipo. Sijamwacha. Nilichoshindwa kumsamehe ni ile miezi minne, Tunduma yake wala haikunisumbua kiasi hicho.

Mzee_wa_Tela:
Mdogo wangu, nimeendesha njia hiyo tangu enzi za lami kuisha Makambako kwa mashimo. Huo uji wako kuna mwenzetu aliukoroga kweli. Alimsagia mama vidonge kwenye juisi ya ukwaju, mama akaona chengachenga chini ya glasi, akaamua mume anamwekea sumu. Kesi ilienda hadi kwa mjumbe. Mbele ya wazee wa mtaa ikabidi aseme ni dawa ya gono, ndiyo ikawa nafuu. Sasa wewe chagua, umwambie mkeo chumbani au umwambie mbele ya mjumbe.

Tabibu_wa_Zamu:
Mzee wa Tela umenimaliza.

Gia, sisi hatumwambii mtu nani kaleta, na kipimo hakionyeshi hilo. Ukija peke yako unapewa kadi ya mwenza, anakuja nayo siku yake. Ukija naye, kila mmoja anaingia kwa wakati wake. Lakini lazima ajue anatibiwa nini, la sivyo atapona leo na kesho mnarudishiana. Baada ya sindano hakuna kulala pamoja siku saba, na hesabu inaanza kwa atakayetibiwa mwisho. Utamweleza nini kuhusu hizo siku saba? Umebana mkojo?

Na yule wa Tunduma naye apate taarifa. Naye ana mwili.

Gia_ya_Nane:
Narudi kama nilivyoahidi, imepita wiki.

Nilimwambia usiku uleule. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Mtoto je?" Nikamwambia ndiyo maana nasema sasa. Akamaliza kuchambua, akauosha, akapika, hatukuongea tena hadi asubuhi. Asubuhi alikuwa ameshavaa, kadi ya kliniki mkononi, ananisubiri mlangoni.

Sindano inauma, wasiwadanganye. Mimi nimepewa na doksi za siku kumi na nne kwa ajili ya korodani, uvimbe umeshuka na usaha umekwisha kabisa. Yeye amechomwa na kumeza azithro palepale. VVU wote hatuna kwa leo, kaswende wote hatuna, turudie. Dada wa maabara alituandikia tarehe kwenye karatasi, mke wangu akaihamishia kwenye kalenda ya duka la spea iliyo ukutani, kwa wino mwekundu, bila kuandika ni ya nini.

Wa Tunduma nilimtumia ujumbe. Nilitegemea kutukanwa. Akajibu, "Asante kunambia, wengi hawasemi. Nitaenda Vwawa huko, hapa wananijua."

Godoro langu liko sebuleni. Siku saba zimeisha jana na halijahamishwa, nami sijauliza. Mizigo inapakiwa Jumatatu. Tabibu, hizo doksi za wiki ya pili nikiwa njiani, nikizimeza na maziwa ya mgando kuna shida?

Tabibu_wa_Zamu:
Maziwa yanazizuia zisifanye kazi sawasawa. Meza na maji mengi, umekaa wima, usilale hapohapo kwenye kitanda cha kabini, zitakuchoma koo. Na juani Tunduma vaa mikono mirefu, doksi inafanya ngozi iungue haraka.