Naomba ushauri: mkataba wa Mangungo darasani

Mwl wa Historia: Wadau, nina wanafunzi 60 wa kidato cha pili na vipindi viwili vya dakika 40. Nataka wauchunguze mkataba wa Mjerumani Carl Peters na Mangungo, mtawala wa Msovero huko Usagara, Novemba 1884. Shida ni kwamba kabla hata hawajaushika wameshahukumu: "Mangungo mjinga, aliuza nchi." Nianzie wapi?

Nyaraka: Mwalimu, usiwape mkataba mzima. Wape sentensi ya mwisho tu, nakala 15, moja kwa watu wanne. Inasema mkalimani Ramazan alimweleza Mangungo yote waziwazi, na kwamba alipoulizwa akajibu hayuko chini ya Sultani wa Zanzibar, wala hajui kama yupo. Uliza swali moja, dakika kumi: maneno haya aliandikiwa nani? Halafu onyesha kwenye ramani kwamba misafara ya kutoka pwani ilikatiza Usagara. Mtu wa huko asijue kama Zanzibar kuna Sultani? Hapo watashtuka. Sentensi ile waliandikiwa wakubwa wa Ulaya, maana Barghash, Sultani wa Zanzibar, alidai bara ni lake.

Bi Chaki: Nakubaliana, ila muktadha usiutangulize. Ukimaliza kusimulia yote, watatafuta kwenye karatasi kile ulichokwisha kuwaambia. Wasome kwanza, kisha andika ubaoni tarehe nne: Machi 1884, chama cha Peters cha kutafuta makoloni kinaundwa; Novemba, mkataba; 26 Februari 1885, mkutano wa Berlin wa mataifa ya Ulaya kuhusu Afrika unafungwa; 27 Februari, Kaisari wa Ujerumani anatoa hati ya ulinzi kwa maeneo ya mikataba ya Peters. Kesho yake tu! Kisha warudie kusoma.

Mwl wa Historia: Asanteni sana. Je, wakiruka kutoka "mjinga" hadi "shujaa aliyelaghaiwa"?

Nyaraka: Watafanya hivyo, jiandae. Kila kundi lichore safu mbili: "karatasi inadai" na "tuna uhakika". Kwamba Mangungo alielewa, hilo ni dai la Peters. Alielewa nini hasa, karatasi haituambii, na hilo waliandike hivyohivyo. Hata kumwita Mangungo "Sultani" ni neno la mkataba. Waambie pia asili ni ya Kijerumani. Wanachosoma ni tafsiri, kwa hiyo wasijenge hoja juu ya neno moja.

Bi Chaki: Kipindi cha pili, linganisheni na malalamiko ya Barghash kwa Kaisari mwaka 1885. Naye alikuwa na maslahi yake, msimfanye hakimu. Kwenye kusahihisha, hoja isiyonukuu maneno ya chanzo isipate alama.