Fundi ameuza magineto (kifaa cha kutoa cheche) ya pikipiki yangu ya BSA kwa kilo, kisha ananidai salio

Wakuu, naomba mnivumilie, kwa sababu ninaandika nikiwa na hasira ya miezi kumi na moja, na rasimu mbili za kwanza nilizifuta mwenyewe kwa kuwa zilijaa matusi. Jina la gereji sitalitaja. Shauri limekwisha kufika serikali ya mtaa, na wanaohusika wanajijua.

Pikipiki yenyewe ni BSA M20, cc 496, silinda moja, na valvu zake zimekaa ubavuni mwa silinda badala ya juu. Injini niliachiwa na baba mdogo ikiwa ndani ya sanduku la mbao. Imegongwa herufi WM20, yaani ilitengenezwa kwa ajili ya jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, ambapo kiwanda cha BSA cha Birmingham kilitoa M20 takribani 126,000. Fremu niliipata kwenye stoo ya shamba la mkonge upande wa Korogwe, nayo ni ya baada ya vita, kwa kuwa ina shokapu za mbele za teleskopu ambazo M20 ilianza kufungiwa mwaka 1948. Rimu ya nyuma ilitoka Moshi ikiwa na spoku kumi na tatu tu nzima. Kabureta ni la Kichina, nililichagua mwenyewe nikiwa na akili zangu timamu, na mkereza vyuma wa Gerezani alinikerezea flanji ya alumini ya kulishikiza kwenye silinda, akairudia mara mbili kwa sababu ya kwanza ilikuwa inavuta hewa. Kwa hiyo asije mtu kuniuliza nilitegemea nini kwa pikipiki ya kuokoteza. Sikuwahi kudai kwamba ni ya makumbusho. Nilitaka pikipiki ya mseto, yenye usukani mpana na kiti cha mtu mmoja, na nilijua kwamba pikipiki ya mseto inahitaji kupimwa kuliko ile iliyotoka kiwandani ikiwa kamili, kwa maana hakuna kipande ndani yake kilichozaliwa pamoja na jirani yake.

Tulikubaliana Sh 1,800,000 na wiki sita, na nikatanguliza Sh 1,200,000. Kazi yake ilikuwa kuunganisha, kupuliza rangi na kusuka waya za taa, basi. Vipuri vyote nilimpelekea, na bolti na nati nilizitia kwenye kopo la Blue Band, kila fungu limefungwa uzi na kipande cha karatasi kilichoandikwa mahali pake: giaboksi, breketi ya injini ya mbele, mkono wa breki.

Kopo hilo nimelikuta chini ya meza yake. Nyuzi hazijafunguliwa.

Bolti alizotumia ni za boda, za milimita 8. Kwa wasiojua, bolti ya milimita 8 na ile ya inchi 5/16 ukiziweka kiganjani huwezi kuzitofautisha, kwa kuwa tofauti ya unene wao haifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Lakini bolti ya BSA ya kipimo hicho ina thredi 26 kwa kila inchi, na ya boda ina thredi kama 20. Ukiilazimisha, inaingia mzunguko mmoja au mmoja na nusu, kisha inakaza, na fundi asiyepima anadhani imefika, anachomeka bomba kwenye mkono wa spana ili apate nguvu zaidi. Nimezifungua mwenyewe nyumbani, moja baada ya nyingine, na kila moja imetoka na thredi za watu zikiwa zimejisokota kwenye ncha yake kama nywele za shaba. Matundu manne sasa yanahitaji kujazwa na kutobolewa upya. Huyo huyo aliniambia kwa simu mwezi wa tatu kwamba kazi inachelewa kwa sababu "bolti za hii kitu ni ngumu sana, mzee".

Hayo ningeyameza. Kinachoninyima usingizi ni magineto.

M20 hutumia Magdyno ya Lucas, ambayo ni magineto na dinamo vilivyofungwa pamoja nyuma ya silinda na kuzungushwa na gia za injini yenyewe. Magineto hujitengenezea cheche bila betri, ndiyo maana pikipiki hizi ziliweza kulala stoo miaka mingi na bado zikaamka kwa kiki. Udhaifu wake unajulikana: kapasita, kile kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme ndani yake, ikizeeka, injini huwaka vizuri asubuhi, kisha ikipata joto huzima na kukataa. Yangu ilikuwa na ugonjwa huo huo, na fundi mmoja wa kusuka mota kule Temeke, ambaye hajawahi kupanda pikipiki maishani mwake, aliisuka koili upya na kuweka kapasita mpya, kisha akanipa niizungushe kwa mkono nikiwa nimeshika waya wa plagi. Shoti ilinifika kwenye kiwiko, na tukacheka wote wawili. Ndicho kipuri nilichokipeleka gereji nikiwa nimekipakata kwenye daladala.

Nilipoitwa kuchukua pikipiki, mahali pa Magdyno palikuwa na kipande cha bati la debe kilichopakwa silikoni nyekundu pembeni, oili ikichuruzika kupitia hapo. Chini ya kiti kulikuwa na CDI ya boda, yaani kisanduku cha umeme cha kurusha cheche, waya zake mbili zikining'inia bila kuunganishwa popote. CDI ya boda hupata ishara kutoka kwenye sumaku na kihisi vya injini yake, na hapo ndipo inapojua wakati wa kurusha cheche. Kwenye BSA ya miaka ya vita ishara hiyo itoke wapi? Nilimuuliza. Akanijibu kwamba "ataitafutia njia".

Tangi la oili nalo limeondolewa, na mahali pake pana kisanduku cha spana, kizuri kweli, kimepigwa rangi nyeusi inayong'aa. Maelezo yake ni kwamba injini hubeba oili tumboni. Ya boda, ndiyo. M20 huweka oili kwenye tangi lake pembeni, pampu huivuta kwa bomba moja na kuirudisha kwa bomba la pili, na mwenye pikipiki hufungua kifuniko cha tangi injini ikiwa inaunguruma ili aone oili ikirudi kwa kurukaruka. Yeye mabomba yote mawili ameyakunja na kuyaziba kwa moto wa gesi, akamimina lita moja na nusu tumboni mwa injini. Namshukuru Mungu kwamba haikuwa na cheche, kwa kuwa ingewaka ingejila yenyewe kabla sijafika barabara kuu.

Kuhusu shokapu za mbele nitasema machache: ameweka za boda, kwenye pikipiki yenye uzito wa zaidi ya kilo 160, na shina la usukani limechomelewa upande mmoja tu. Mtoto wa dada yangu aliegemea usukani na ufa ukaonekana.

Halafu kuna jambo ambalo linaweza kunipeleka polisi. Kwenye M20 namba ya fremu na namba ya injini hazikulingana hata zilipotoka kiwandani, na yangu ni mseto hata hivyo, hivyo kadi yake ina namba mbili tofauti zilizoandikwa kihalali. Huyu bwana aliona hazilingani, akahisi ni kasoro, akachukua grenda akafuta namba ya fremu pale kwenye shingo, kisha akagonga namba ya injini juu yake ili "zifanane". Ameigonga kwa mkono, na saba moja imelala chali. Sasa nina pikipiki yenye dalili zote za pikipiki ya wizi, na mwizi anayeonekana ni mimi.

Siku hiyo hiyo alinikabidhi karatasi ya hesabu. Salio Sh 600,000, ongezeko la CDI Sh 25,000, na mstari wa mwisho umeandikwa kwa kalamu nyekundu kana kwamba ni zawadi: "punguzo, skrepa kwa kilo". Ndiyo Magdyno yangu. Aliiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu pamoja na shokapu za mbele za zamani, kwa maelezo kwamba "vilikuwa vimekufa", na alijiona mwaminifu kwa sababu fedha hiyo alinikata kwenye deni.

Mwenyekiti wa mtaa ametupa wiki mbili tumalize shauri. Fedha yake naijua pa kuipata ikibidi, na fremu nitaomba ikaguliwe ili namba irejeshwe kwa utaratibu. Ninachoomba kwenu ni kimoja. Mnaopita kwenye mirundo ya vyuma Gerezani, Tandale au Buguruni, mkiona kitu kama mota ndogo mbili zilizobebana, silinda ya dinamo ikiwa imelala juu, na ubavuni kuna mikwaruzo miwili ya tindo na kipande cha waya mwekundu mpya, msikubali kipelekwe kwenye mzani. Nitumieni ujumbe wa faragha hata usiku, nitakuja na bodaboda.