Msaada: boksi la tamthilia za Kihindi limekata, mama hanisemeshi

Mtoto wa Upanga: Wakuu, niko Leicester. Mama yangu, 74, mzaliwa wa Tanga, kila jioni saa 11:30 lazima aone Anupamaa, India ikiwa saa 4 usiku. Tangu Alhamisi boksi la intaneti linazungusha kiduara tu. Jana kakaa na kikombe mbele ya TV nyeusi mpaka chai ikaota utando, kisha kaenda kulala. Nifanyeje?

Fundi Msasani: Chomoa ruta, hesabu 30, chomeka.

Mama Nasra: Acha zife kabisa. Mkwe wangu kanogewa na zile zilizotiwa sauti za Kiswahili, juzi maharage yamekuwa mkaa.

Kobe Mzee: Si ulipie programu halali? Hilo boksi bei gani?

Mtoto wa Upanga: ZEE5 ninayo, ila ina za Zee. Anupamaa ni ya Star Plus. Boksi pauni 60 kwa mwaka, chaneli zote.

Kobe Mzee: Chaneli zote kwa 60? La wizi hilo. Na presha hii yote si ya mama peke yake. Funguka.

Mtoto wa Upanga: Haya. Niliwaunganishia na wamama wenzake sita wa bhajani, zile nyimbo za ibada za Kihindu, pauni 80 kila mmoja. Muuzaji sasa WhatsApp tiki moja. Ile 20 ya juu ilikuwa nauli na nyaya, sikumwibia mtu. Na msiniambie nisinunue kwa mwingine, nusu nimeshamtumia.

Dk Masihara: Pauni 120 za nyaya! Umewavutia kutoka Mumbai?

Babu Ngamiani: Mmenikumbusha Jumapili za sinema ya Majestic, Unguja. Picha ya Kihindi, Mswahili na Mhindi safu moja, maneno hatuyajui na leso zimelowa. Mke wangu nilimpatia kwenye foleni ile. Tiketi alilipa yeye.

Mpelelezi: Chai hii. India imeizidi Uingereza saa tano na nusu. Saa 4 usiku kwao ni 10:30 Leicester, si 11:30. Jamaa yupo Mbagala anatafuta wateja wa maboksi.

Mtoto wa Upanga: Hesabu yako ni ya miezi ya baridi. Huku mwisho wa Machi saa zinasogezwa mbele, India hawasogezi. Mwaka wa kwanza mama alikaa kwenye kochi lisaa zima akidhani nimemharibia TV.

Mpelelezi: Mh. Haya. Ila pesa za watu rudisha.

Mtoto wa Upanga: Nirudishe na nini? Hodi inapigwa, nachungulia dirishani: wawili, kila mmoja na boksi lake kwenye mfuko wa nailoni.

Mama Nasra: Kabla hujafungua, waulize: Anuj wa Anupamaa karudi?