Naomba ushauri: vioo vya rangi na michoro katika ukumbi mmoja

Habari zenu wakuu. Tuko wasanii watano, tunaandaa maonyesho ya pamoja: wachoraji wawili, wachongaji wawili, na mimi natengeneza vioo vya rangi vilivyoungwa kwa madini ya risasi.

Kinachonisumbua ni mwanga. Kioo kisipopata mwanga kutoka nyuma ni giza tupu. Dirishani kinawaka vizuri mno, lakini jana nilipojaribu, doa jekundu lilitua juu ya mchoro wa mwenzangu na kumeza weupe wote wa turubai. Tena kuna michoro miwili ya rangi za maji, ambayo hushauriwa isiangaziwe zaidi ya laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu). Ikishafifia kwa jua, hairudi. Ya rangi za mafuta huvumilia hadi kama 200. Wachongaji wanataka taa za pembeni tu, hilo si gumu.

Nimewaza makasha yenye taa za LED nyuma ya vioo. Ila naogopa vitapoteza uhai, maana kwa jua kioo hubadilika asubuhi hadi jioni.

Aliyewahi kupanga hivi anisaidie: nitenge chumba, au makasha yanatosha? Na kioo cha kilo 12 mnakining'inizaje bila risasi kupinda?