Tupeane uzoefu: safari za siku moja za wanafunzi kwenye maeneo ya kihistoria ughaibuni

Mleta mada

Wakuu, salaam. Nasoma Italia. Chama chetu cha wanafunzi kina utaratibu wa kutoka pamoja mwishoni mwa wiki: alfajiri tupo stesheni, usiku tumerudi. Nimefungua uzi huu kwa sababu safari hizi zinafundisha sana, ila nyingi zinaharibiwa na pupa. Watu wanapanga maeneo kumi, wanapiga picha getini, wanakimbilia basi. Simulieni mlikwenda wapi, kipi kiliwakaa kichwani, na mtu ajiandae vipi.

Nianze na Roma. Uwanja wa Colosseum mnaujua: Kaisari Vespasian aliuanza, mwanawe Titus akaufungua mwaka 80. Lakini jengo lililotukamata sisi ni Pantheon, hekalu la kale la Warumi. Kuba lake lina upana wa mita 43 na ushei, na kutoka sakafuni hadi kileleni ni kipimo hichohicho. Ni zege tupu, halina nondo hata moja, na mpaka leo hakuna kuba la aina hiyo lililolizidi ukubwa. Juu kabisa kuna tundu lenye upana wa karibu mita 9, wazi, bila kioo. Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha, ikawa inashuka humo humo ndani, katikati ya sakafu, sehemu iliyozungushiwa kamba. Ukiangalia vizuri unaona marumaru ina mwinamo mdogo na vitundu vilivyotobolewa, maji yanatambaa mpaka pale yanazama. Tulikaa muda mrefu tukiangalia. Chemchemi ya Trevi tukaiacha, na sioni kama tulipoteza kitu.

Jioni mwenzetu kutoka Ethiopia akaomba tupite Porta Capena, mbele ya makao makuu ya FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa), jengo ambalo awali lilikusudiwa kuwa wizara ya makoloni ya Italia barani Afrika. Hapo ndipo mnara wa Axum uliposimamishwa mwaka 1937, baada ya majeshi ya Mussolini kuuchukua Ethiopia. Italia iliahidi kuurudisha katika mkataba wa amani wa 1947, lakini ulirudi mwaka 2005, kwa ndege, ukiwa vipande vitatu. Ukasimamishwa upya kwao mwaka 2008. Mwenzetu amewahi kuuona ukiwa Axum. Akatueleza ulivyo: urefu wa mita 24 hivi, mlango wa uongo umechongwa chini, na madirisha ya uongo yanapanda ghorofa kwa ghorofa. Sote tulikuwa tunatazama mahali ambapo haupo. Ratiba tuliyopewa na watembezaji haikulitaja eneo hilo kabisa, na hilo liliniuma.

Binti_Bahari

Asante kwa uzi, kaka. Mimi nasoma Uturuki, na kundi letu lilikwenda Istanbul kutwa nzima. Ayasofya ilikamilika mwaka 537 ikiwa kanisa, ikawa msikiti 1453, ikawa makumbusho miaka ya 1930, na tangu 2020 ni msikiti tena. Sasa hivi wanaokwenda kuswali wanaingia chini, watalii wa kigeni wana mlango wao wa kwenda roshani ya juu na wanalipa euro 25. Kwa mwanafunzi si haba, lakini kama una uwezo, panda. Huko juu, kwenye ukingo wa marumaru, kuna mikwaruzo ya herufi za kale za watu wa Skandinavia, na jina linalosomeka humo ni Halvdan. Askari au mfanyabiashara, alisimama hapo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita akachora jina lake. Nilisisimka kuliko nilivyosisimka mbele ya dhahabu yote ile.

Akina dada, bebeni mtandio wenu. Na msipange Ijumaa adhuhuri, ziara husimama kupisha swala.

Kuhusu minara iliyohamishwa: hatua chache kutoka hapo, kwenye uwanja wa zamani wa mbio za farasi, upo mnara wa Farao Thutmose III kutoka Misri. Kaisari Theodosius aliusimamisha hapo mwaka 390 na haujawahi kurudi.

Mtu wa Lindi

Berlin. Kundi letu lilianzia Wilhelmstrasse, palipofanyika mkutano wa 1884 hadi 1885 wa kugawana Afrika bila Mwafrika hata mmoja mezani. Jengo lenyewe halipo, kuna bango la maelezo tu kando ya barabara, na watu wanapita wakiwa na mifuko ya sokoni.

Kisha tukaenda makumbusho ya viumbe. Yule dinosaria mkubwa ukumbini, mita 13 na ushei kwenda juu, alichimbwa Tendaguru, kwetu Lindi, kati ya 1909 na 1913. Mifupa ilibebwa na wapagazi kwa miguu mpaka bandarini. Msimamizi mkuu wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Nililitaja jina hilo kwa sauti mbele ya wenzangu, nikawaeleza Tendaguru iko wapi. Profesa wetu akaniachia nafasi nikaongoza maelezo. Vijana, kabla ya kusafiri tafuteni kwanza nini cha kwenu kipo huko.

Mgeni2

Swali: nina kibali cha ukaazi cha Ufaransa. Naweza kwenda Ubelgiji na kundi nikarudi siku hiyohiyo?

Mleta mada

Ndiyo mkuu. Kibali halali cha nchi ya Schengen (nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipakani kati yao) kinakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen, mradi usizidi siku 90 ndani ya kila siku 180. Beba pasipoti na kibali chenyewe, picha kwenye simu haitoshi. Uswisi imo Schengen ingawa haimo Umoja wa Ulaya. Uingereza na Ireland hazimo, huko ni viza nyingine.

Mwalimu wa Zamu

Nimekuwa nikiongoza wanafunzi kwenye safari hizi. Ninachokishikilia ni kimoja: kila mwanafunzi anapewa kitu kimoja tu, nguzo, sanamu au kaburi, anakisoma kabla, na tukifika yeye ndiye anayetueleza. Wale wakimya darasani ndio hung'ara zaidi. Nilikuwa na binti aliyepewa tao la Septimius Severus pale Roma, la mwaka 203. Alipotuambia kuwa kaisari huyo alizaliwa Leptis Magna, Libya ya leo, hata watalii wengine walisogea kumsikiliza.

Mleta mada

Shikamoo mwalimu, hiyo tunaichukua kwa safari ijayo. Nyongeza kwa wanaokuja Colosseum: tiketi zinaandikwa jina, na getini jina lazima lilingane na kitambulisho, kwa hiyo anayekusanya majina ya kundi ayanakili kutoka kwenye pasipoti. Wa Cairo na Athens hamjasema kitu bado, tunawasubiri.